Kutoka Kwenye Minyaa Nitatembea

Nilimwahidi mama yangu mkubwa kwamba sitafika nyumbani kwake nikikimbia. Hata nikiwa na habari njema, hata mvua ikiwa inanifukuza, sehemu ya mwisho ya njia iendayo mlangoni pake nitaitembea, taratibu, kama mtu asiyeitwa na jambo lolote. Yeye aliyeitaka ahadi hiyo alikuwa amekaa kwenye kigoda akipepeta uwele, wala hakuinua uso nilipokubali. Alisema tu, "Haya," kisha akaurusha tena uwele juu ya ungo, na makapi yakachukuliwa na upepo wa Singida, ambao hauachi kitu chepesi mahali pake.

Wakati huo nilikuwa kijana aliyetoka chuo cha ualimu karibuni, mwenye cheti kipya, jozi moja ya raba na imani kubwa. Mama mkubwa, dada wa mama yangu mzazi, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na kwake ndiko nilikorudi nilipopangiwa kufundisha katika shule ya kijiji chetu, upande wa Unyambwa, nje kidogo ya mji. Ili msomaji aelewe kwa nini ahadi ndogo kama ile ilikuja kuwa nzito, sina budi kueleza kwanza jinsi nilivyozipenda mbio, na jinsi mbio zilivyonifundisha kuipenda miji.

Chuo nilichosomea kilikuwa Tabora. Nilikuwa nikitoka bwenini alfajiri, kabla ya kengele, raba mkononi ili nisiwaamshe wenzangu, nikizivaa nje ya lango, kisha naingia mjini nikikimbia. Sikuwa na haraka, na sikuwa mwepesi kuwapita wengine. Nilichokitafuta ni mji wenyewe katika saa ile ambapo haujavaa bado sura yake ya mchana. Maduka yamefungwa. Harufu ya mkate inapenya chini ya mlango wa tanuri. Mfagiaji anausukuma mchanga kando ya barabara, naye anasimamisha ufagio wake kidogo ili nipite. Kila kona ninayokata inaniletea mtaa mwingine, na kila mtaa unanipokea bila kuniuliza kabila langu wala ninakotoka.

Njia yangu siku zote iliishia stesheni. Tabora ni mji ambao reli hugawanyika, na mtu akisimama pale kwenye ukingo wa jukwaa jasho likimkauka mgongoni, anaweza kutazama treni zinazokwenda Kigoma, zinazokwenda Mwanza, na zile zinazokwenda mashariki hadi mwisho wa reli, Dar es Salaam. Nilizitazama za mashariki zaidi. Zilipoanza kuondoka zilikwenda polepole sana mwanzoni, kana kwamba zilikuwa zikisubiri mtu abadili mawazo yake na kuzikimbilia.

Niliwaza mambo mazito katika asubuhi zile. Niliona kwamba katika saa ile mji haukuwa wa mwenye duka wala wa mwenye gari, ulikuwa wa yeyote aliyeamka, na nikajiambia kwamba hivyo ndivyo nchi yetu changa inavyopaswa kuwa mchana kutwa. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtu anayeipenda nchi yake hana budi kuijua kwa miguu yake mwenyewe, mji baada ya mji. Kwa hiyo kila likizo nilipanda behewa la daraja la tatu, nikashuka mahali ambapo mwenzangu wa chuo alikuwa na ndugu wa kunilaza, na kulipopambazuka nikatoka kwenda kuusalimu mji huo kwa mbio. Dodoma nilikimbia katika vumbi lililokuwa likinuka mvua ambayo haikunyesha. Mwanza nilikimbia chini ya mawe makubwa yanayoegemeana juu ya ziwa, nikajihisi niko kwetu, kwa maana Singida nayo ni nchi ya mawe, isipokuwa ya Mwanza yanayaangalia maji, na ya kwetu yamekaa katikati ya mashamba ya mtama kama ng'ombe waliolala.

Huko Mwanza ndiko nilikoshiriki kwa mara ya kwanza mbio ndefu za mashindano. Nilimaliza katikati ya kundi, na sijui kama furaha ya yule aliyeshinda ilizidi yangu. Mbio ndefu zina mahali pake pa ndani, ambapo hapafikiwi ila kwa kuchoka. Mwanzoni unayasikia maumivu yote, ya goti, ya ubavu, ya kifua. Halafu, baada ya mwendo mrefu, yanakuwa mbali, si kwa sababu yamekwisha, bali kwa sababu yule aliyekuwa akiyahesabu ndani yako amelala. Miguu inaendelea peke yake. Watu walio kando ya barabara wanapunga mikono bila sauti. Unaingia katika mtaa usioujua na unauona kama mtaa uliowahi kuuota utotoni, na mtu anayekimbia ubavuni mwako, ambaye hujui jina lake, anakuwa ndugu yako kwa muda wa pumzi kadhaa, kisha anatangulia au anabaki nyuma.

Mji mmoja tu ulibaki ndotoni: Dar es Salaam. Nilikuwa na hakika kwamba siku moja nitaukimbia, na kwamba nitaukimbia katika mbio, miongoni mwa wengine.

Kwa moyo huo nilirudi nyumbani. Asubuhi ya kwanza niliamka kama nilivyozoea Tabora, nikavaa bukta na fulana, nikashika njia inayopita kati ya mashamba kuelekea Unyambwa. Jua lilikuwa halijatoka, lakini watu wa kwetu huwahi shambani, nami niliwaona hapa na pale wamesimama na majembe yao. Niliwaamkia wakubwa wote, shikamoo, shikamoo, lakini niliwaamkia bila kusimama. Sikuwa nimewaza kwamba katika nchi yetu mtu mzima hukimbia kwa sababu chache tu, na kwamba kijana anayempa mzee shikamoo huku akimpita, bila kungoja aitikiwe, amekwisha kusema kwamba kuna kifo, au moto, au ng'ombe wamechukuliwa.

Nilipofika kwenye mwamba mpana ambao akina mama hupuria mtama, nikasimama kuvuta pumzi, ndipo niliposikia vishindo. Nikageuka. Nusu ya kijiji ilikuwa nyuma yangu. Wanaume walikuja na marungu, akina mama na majembe, na mama mmoja mnene, jirani yetu, alikuja wa mwisho na ndoo ya maji kichwani, akikimbia kwa namna ambayo haikumwaga hata tone.

"Wapi?" aliuliza mwanamume wa mbele, baba mmoja mrefu ambaye baadaye alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kijiji.

"Wapi nini, baba?"

"Moto. Au ni ng'ombe?"

Nilimweleza kwamba hapakuwa na moto, na ng'ombe wote, kwa kadiri nilivyojua, walikuwa zizini. Nilikuwa nafanya mazoezi.

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kukimbia."

Alitafakari. "Yaani unakimbia ili ujue kukimbia."

"Ndiyo, baba."

"Na ulipotoka kule kwenu ulikuwa hujui?"

Kicheko kilipasuka juu ya mwamba ule, wengine wakaegemea majembe yao wakicheka na kuhema. Yule mama jirani peke yake hakucheka. Alitua ndoo yake mbele yangu. "Basi, mwalimu," alisema, "haya maji utayanywa yote. Mimi sirudi na ndoo imejaa."

Nilikunywa nilichoweza, nikawaomba radhi, nao wakanisindikiza kwa utani sehemu ya njia. Kisha, kwa kuwa nilikuwa na furaha, na kwa kuwa niliona kioja kile kingemchekesha mama mkubwa, nikakimbia hadi nyumbani nikaingia uani kwa kishindo.

Mama mkubwa alikuwa ameketi chini, kwenye udongo mtupu, si kwenye kigoda. Alikuwa amejifunika kanga kichwani. Jembe lake lilikuwa limelazwa kando, na moto chini ya chungu aliuacha ukafa. Alikuwa amekaa kama wanavyokaa waliofiwa, akisubiri kuambiwa tu ni nani.

Sikumbuki nilimwambia nini. Nakumbuka ilichukua muda kumwinua, na kwamba siku ile nzima hakuongea na mimi ila kwa mambo ya lazima. Jioni, akipepeta uwele, alinieleza lile ambalo utotoni nililijua kwa juujuu tu. Mume wake alikuwa akienda Mitundu kila msimu kununua asali kwa warinaji na kuileta kuuza mjini. Msimu mmoja aliugua huko akafariki. Aliyetumwa kuleta habari alikuja na lori hadi mjini, na kutoka mjini, kwa kuwa aliona habari kama ile haitembei, alikimbia.

"Nilisikia miguu kabla sijamwona mtu," alisema mama mkubwa. "Miguu ilikwisha kunieleza. Yeye alipofika alikuta nimeshakaa chini."

Hakunikataza kukimbia. Alijua ninavyozipenda mbio, na hakuwa mtu wa kumnyang'anya mwingine kitu alichokipenda. Alitaka jambo moja tu, nami niliahidi: mbio zangu ziishie kwenye mwamba wa kupuria, na kutoka hapo hadi mlangoni nitembee.

Maisha yakaendelea. Kijiji kikazoea. Nilipopita, watu waliambiana kutoka shamba hadi shamba kwamba ni mwalimu tu, hakuna msiba, kisha wakainama tena kulima. Niliulizwa mara moja, katika mkutano, kama nguvu ninayoimwaga barabarani haikuwa mali ya kijiji, maana tulikuwa tunajenga ujamaa na kila mkono ulihitajika. Lilikuwa swali la haki, nami sikulichukulia kama mzaha. Nililala nalo siku nyingi. Mwishowe nilijiwekea sharti kwamba sitakimbia siku ambayo sijafika kwenye shamba la pamoja, na kwamba jembe langu halitakuwa la kwanza kupumzika. Sina hakika kama hilo lilikuwa jibu. Lilikuwa njia ya kuweza kukimbia na dhamiri iliyotulia.

Na kule kutembea, ambako mwanzoni nilikuona kama adhabu ndogo, kukawa sehemu niliyoipenda kuliko zote. Kutoka kwenye mwamba, mwili ukiwa bado na joto na kichwa kikiwa bado katika ile nchi ya ndani, nilitembea kati ya mashina ya mtama, moshi wa jikoni kwake ukinijia kwanza, halafu sauti ya kuku, halafu yeye mwenyewe akikohoa. Miji yote niliyoipita ilirudi wakati huo. Mara nyingi nilikuwa naona Tabora na Mwanza zikiungana na njia ile nyembamba ya mashambani, mtaa ukiingia katika mtama, stesheni ikiwa ng'ambo ya mwamba. Nilipofika, mama mkubwa aliniuliza nimeona nini, nami nilimsimulia yote kwa pamoja, ya leo na ya zamani, naye hakujali kutenganisha.

Kisha ukaja wakati wa kuhamia kijiji kipya. Nyumba zilizokuwa zimetawanyika mashambani zikaachwa, tukajenga upya kwa mistari kando ya barabara inayotoka mjini, karibu na shule, ili maji na dawa na masomo viwafikie watu wote. Nilishika nguzo na kukanda udongo kwa moyo mweupe. Mama mkubwa aliiacha tembe yake bila maneno mengi, akaingia katika nyumba mpya ambayo mlango wake niliupaka rangi ya buluu iliyobakia shuleni. Lakini jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, hata mimi, ni kwamba sasa alikuwa akiishi barabarani. Zamani miguu ya kukimbia ilikuwa na safari ndefu kabla ya kumfikia. Sasa barabara ilipita mbele ya mlango wake, na ilikuwa ni ile ile aliyojia mleta habari.

Tuliweka alama upya. Shule ilizungukwa na uzio wa minyaa, na mmea wa mwisho wa uzio ule ulikuwa hatua chache kabla ya nyumba za kwanza. Mama mkubwa alisimama pale pamoja nami akaugusa kwa fimbo.

"Hapa," alisema. "Kutoka hapa unatembea."

Habari ya mbio za mkoa niliipata mjini, katika duka la Mwislamu mmoja wa asili ya Kihindi ambaye familia yake iliuza viatu pale tangu enzi za babu yake. Nilikwenda kununua raba. Alizigeuza zile kuukuu, akaingiza kidole katika tundu la soli, akaniuliza, "Mwalimu, wewe raba unavaa au unakula?" Kisha akaniambia kwamba vijana wengi walikuwa wamekuja kutafuta raba wiki ile, kwa sababu mkoa unaandaa mbio ndefu, na watatu watakaotangulia watapelekwa Dar es Salaam kushindana na mikoa mingine.

Nilitoka dukani nikatembea hadi ukingo wa ziwa Singidani, nikakaa. Heroe walikuwa wamesimama majini kwa mguu mmoja, waridi juu ya kijivu, na upepo ulikuwa ukisukuma mawimbi madogo kuelekea kwangu. Niliiona Dar es Salaam juu ya maji yale waziwazi kuliko nilivyowahi kuiona stesheni. Niliona barabara pana, wakimbiaji kutoka kila mkoa, lafudhi zote za nchi zikipumua kwa mpigo mmoja.

Siku chache baadaye sisi tuliojiandikisha tukaonyeshwa njia. Tungeanzia uwanjani mjini, tupite kando ya ziwa, tushike barabara ya Unyambwa, tukikate kijiji chetu kipya katikati, kisha tuzunguke na kurudi mjini kwa njia nyingine.

Nilijua maana yake papo hapo. Wengi wangesema ningekwenda kwa mama mkubwa nimwombe anifungue kwa siku moja tu. Nilikaribia kufanya hivyo mara nyingi. Nilikaa naye jikoni, nikaishia kuchochea moto. Lakini niliona kwamba kumwomba ni kumlazimisha, kwa sababu asingeninyima, na kwamba kulikuwa sawa na kumwambia huzuni yake imenichosha. Ahadi ambayo mtu anaishika ili mradi haimzuii kitu, niliwaza, si ahadi, ni mazoea. Basi nikaamua kwamba nitakimbia kwa nguvu zangu zote hadi kwenye minyaa, nitatembea mbele ya nyumba yake, na baada ya hapo nitakimbia tena. Kama Dar es Salaam ingekuwa bado inanisubiri ng'ambo ya pili ya nyumba ile, ningeifikia.

Jioni ya kuamkia siku ya mbio, mwenyekiti, yule baba mrefu wa siku ya mwamba, alipita nyumba kwa nyumba. Alikuwa na kumbukumbu nzuri.

"Kesho vijana watakimbia," alitangaza. "Hakuna aliyekufa. Narudia, hakuna aliyekufa. Asitoke mtu na jembe. Na wewe, mama, na ndoo yako, tafadhali."

"Wakifa kwa kiu mkumbuke mlinikataza," alijibu yule mama jirani kutoka ndani.

Mama mkubwa alisikia tangazo lile akiwa mlangoni. Sikumwuliza kitu.

Asubuhi ilikuwa na ubaridi na upepo. Tulipoondoka uwanjani tulikuwa wengi, na kwa muda mrefu nilikimbia ndani ya wingi huo nikiwa na amani, nikisikia raba na nyayo tupu zikiigonga barabara pamoja. Ziwani kundi likaanza kukatika. Kufika Unyambwa tulikuwa wanne mbele: askari mmoja kijana, wakulima wawili wa Misigiri waliokimbia bila viatu wakiongea Kinyiramba kwa kupokezana pumzi, na mimi. Nilikuwa nimekwisha kuingia mahali pale pa ndani. Mashamba ya uwele yalikuwa yakipita kama mabehewa. Nilikuwa Tabora, nilikuwa Mwanza, nilikuwa nakata kona ya mtaa nisioujua wenye harufu ya chumvi. Sikuwahi kukimbia vile kabla, wala sijakimbia vile tena.

Minyaa ikaja. Mmea wa kwanza, wa kati, wa mwisho. Nikatembea.

Ni ajabu jinsi dunia inavyorudi kwa haraka. Sauti zote ziliingia kwa pamoja, kelele za watu kando ya barabara, wanafunzi wangu wakiniita, mtu akiuliza kama nimeumia. Migongo ya wale watatu ilikuwa ikisogea mbali, nami niliitazama, mikono kiunoni, nikihesabu hatua zangu kama anavyotembea mtu asiyeitwa na jambo lolote.

Mama mkubwa alikuwa ameketi nje ya mlango wa buluu, kwenye kigoda. Mikono yake ilikuwa mitupu mapajani. Tangu asubuhi ile ya mwamba sikuwahi kumwona amekaa bila kazi mikononi. Nikaelewa kwamba alikuwa ametoka kwa makusudi kuisikiliza miguu ile yote ikimjia, na kwamba kukaa pale juu ya kigoda, asishuke chini, kulikuwa kumemchosha kuliko nilivyochoka mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alitazama kule walikoelekea wenzangu. "Mbona wewe unatembea?"

"Si tuliahidiana, mama."

"Tuliahidiana usije kwangu ukikimbia. Sasa hivi unakuja kwangu?"

"Hapana, mama. Napita."

"Unakwenda wapi?"

"Mjini. Na nikiwahi, Dar es Salaam."

Aligeuza uso wake kidogo kama afanyavyo mtu anayetega sikio. "Maisha yangu yote miguu inayokimbia inakuja," alisema. "Sijapata kuisikia inayokwenda. Nenda. Nataka niisikie."

Nikamwuliza kama ana hakika.

"Unanichelewesha," alisema. "Nina chungu jikoni."

Nilitembea hatua nyingine mbili tatu, kwa sababu miguu haikuamini, kisha nikakimbia. Sikugeuka nyuma. Nilikimbia nikijua kwamba nasikilizwa, na nilijaribu kuziweka nyayo zangu chini vizuri, kwa usawa, kama mtu anayesoma kwa sauti mbele ya mtu asiyeona.

Sikuwahi. Wale wa Misigiri sikuwaona tena. Yule askari nilimkaribia tulipoingia mjini, nikausikia mkwaruzo wa pumzi yake, lakini uwanja ulikuwa karibu mno, naye akatangulia. Nilikuwa wa nne. Watatu wakapigiwa makofi kama watu wanaokwenda Dar es Salaam, nami nikawapigia pia, na makofi yangu yalikuwa ya kweli. Mwenye duka la viatu, aliyekuwa amekwisha kuletewa habari zote, alinishika bega akaniuliza kama nilisimama njiani kununua nyanya.

Jioni nilirudi, na kutoka kwenye minyaa nilitembea. Mama mkubwa aliniandalia ugali wa uwele na mlenda.

"Umewahi?"

"Sikuwahi, mama."

Alisogeza bakuli karibu nami. Tulikula kidogo, kisha nikamwuliza miguu inayokwenda ilikuwaje.

"Inapungua," alisema. "Nilikusikia mpaka pale kwenye mawe, mwisho wa kijiji. Inapungua, inapungua, halafu unabaki na upepo." Alimega tonge. "Si vibaya."

Dar es Salaam nilikwenda baadaye, katika likizo, kama msafiri yeyote. Nilishuka kwenye treni asubuhi na siku iliyofuata, kabla ya jua, nilivaa raba zangu nikakimbia katika mji wa ndoto zangu. Ulikuwa mzuri kama nilivyoutazamia. Taa zilikuwa zikizimika moja moja, barabara zilikuwa na umande wa chumvi, na mwisho wa mtaa mmoja bahari ilikuwa imelala bila mpaka, nyeupe, nikasimama nikaiangalia mpaka nikasahau kuhema. Wakati wa kurudi niligundua kitu. Nilikuwa nimempita fundi anayefungua kibanda, mama anayekaanga maandazi, watumishi wanaowahi kazini, na hakuna aliyeuliza wapi. Hakuna aliyechukua ndoo. Niliipenda hali hiyo, ule uhuru wa mtu mzima kukimbia bila kuwa habari ya mtu. Na wakati huo huo nilitamani, kwa nguvu iliyonishangaza, vishindo nyuma yangu. Bado sijui nchi yetu itajengaje vyote viwili kwa pamoja, lakini naamini inaweza.

Sasa nimehamishiwa shule iliyo mbali na Singida, na ninaandika haya nikiwa katika mji mwingine ambao alfajiri zake nimeanza kuzijua. Kule nyumbani mbio zimependwa. Baada ya mwaka ule vijana wa mjini wameifanya barabara ya Unyambwa kuwa yao, wanakimbia asubuhi na jioni, nami nafurahi. Lakini nilipokwenda likizo ya mwisho nilikaa na mama mkubwa barazani, na kila vishindo viliposikika alitua chini alichokuwa nacho, akanyamaza mpaka vimempita, ndipo akakiokota tena. Ruhusa aliyonipa ilikuwa yangu, na ilikuwa ya siku moja. Wao hawakuahidi kitu, wala hawajui. Mimi siko tena karibu kuwaambia.

Kwa hiyo naomba. Ukipata kukimbia katika barabara ile, ukafika kwenye mnyaa wa mwisho wa uzio wa shule, tembea mpaka uwe umeipita nyumba yenye mlango wa buluu. Na akiwa nje, simama umwamkie, ungoje akuitikie.